Godoro la mtoto na nauli ya Mbale

Wiki iliyopita mama mmoja wa Malaba aliniandikia meseji ndefu, saa sita usiku, kwanza alituma ya sauti akaifuta alafu akaandika. Binti yake ana miaka 11, yuko P.6, darasa la sita, ameanza kujing'oa nywele moja moja mpaka pembeni ya sikio kumebaki upara. Posho, yaani ugali wa shule, hagusi, akirudi nyumbani analala na viatu. Mwishoni akaniuliza, dada yangu, nisubiri likizo ndio nimpeleke kwa watu wa akili ama itapita yenyewe?

Nikaweka simu chini. Hiyo "itapita yenyewe" mimi nimeishi nayo karibu mwaka mzima na mpaka leo ikitajwa tumbo linanikata.

Wanaonijua wanajua nauza mitumba hapa Busia, upande wetu wa Uganda, na nimekulia kambini, baba alikua askari, kwa hiyo kwetu mtoto akikosea kulikua na dawa moja tu. Mwaka 2021 kaka yangu aligongana na trela usiku akiwa kwa boda, akafa palepale. Mke wake alikua na deni, akatafuta njia akaenda Arabuni kazi za nyumbani, simlaumu. Mtoto wao wa miaka 8 akabaki na shangazi, yaani mimi.

Huyu kijana zamani akija kututembelea alikua anakaa juu ya jerikeni mbele ya duka anahesabu matrela yanayopanga foleni ya mpaka. Anazijua za Kenya, za Rwanda, za Kongo, jioni anakuletea hesabu hata hujamuuliza. Baada ya mazishi akaacha kuhesabu. Akawa kimya, ukimtuma anaenda, ukimpa chakula anakula nusu. Mimi nikasema afadhali, mtoto ametulia! Na shule zilikua zimefungwa, si mnakumbuka, tangu Machi 2020 mpaka Januari 2022, kwa hiyo hakukua hata na mwalimu wa kushtuka.

Alafu akaanza kukojoa kitandani. Mtoto aliyeacha kukojoa akiwa na miaka mitatu!

Ngoja niseme tu nilichofanya kwa sababu wengine mnafanya hivyohivyo sasa hivi. Alikua na godoro la bluu, la inchi tatu, katikati lilishaota doa la kahawia linalozidi kila wiki kama ramani ya ziwa. Kila asubuhi nilimfanya alibebe kichwani mwenyewe mpaka kwenye uzio wa barabarani, watoto wa jirani wakiwa wanaenda kuchota maji, ili aone haya aache. Maji ya godoro yanamchuruzika shingoni. Na mpira wa maji niliukata kipande nikakiweka nyuma ya mlango. Alikua halii. Hiyo ndio ilinifanya nizidishe, nikidhani ni kiburi.

Nikampeleka kwa maombi, wakasema ni pepo wa ukoo. Nikapewa majani ya kuoga. Kituo kimoja cha afya walicheka, kweli walicheka, wakampa dawa ya minyoo. Shule zilipofunguliwa mwalimu naye akamchapa kwa kusinzia, na sheria ya watoto ilivyobadilishwa 2016 ilishakataza viboko shuleni, lakini ningeenda kulalamika na uso gani wakati mpira uko nyuma ya mlango wangu? Na dada mmoja wa kanisani, ambaye nimemkopesha nguo miaka, aliwakataza watoto wake kucheza na wetu. Huyo nimemsamehe, ila sijasahau.

Aliyetuokoa ni mama wa VHT, ile timu ya afya ya kijiji, ambaye mtaani tulikua tunadhani kazi yake ni kugawa vyandarua. Alipita akaona godoro kwenye uzio. Hakunihubiria. Aliniuliza tu, alianza lini? Nikamwambia mwezi fulani. Akauliza, na baba yake mlimzika lini? Nikafungua mdomo kujibu, nikanyamaza.

Tukaenda hospitali ya rufaa ya Mbale, maana hospitali za rufaa za mikoa zina kitengo cha afya ya akili, nilikua sijui. Klinikal ofisa, yaani tabibu wa pale, alianza na mkojo, akautoa upimwe kama kuna maambukizi ama sukari. Akasema mtoto aliyekua mkavu muda mrefu akirudia kukojoa, unaangalia mwili kwanza alafu unauliza nyumbani kumetokea nini. Mkojo ulikua safi. Basi akageuza kiti, akamuuliza mtoto. Mtoto mwenyewe, sio mimi. Kimya kirefu, mimi nataka kujibia, akaniinulia mkono. Mwishowe kijana akasema ile siku baba amekufa yeye aliacha kuhesabu akaenda kucheza mpira, na trela ambalo hakulihesabu ndio lilimuua baba.

Miezi yote hiyo mtoto amebeba kitu kama hicho na mimi namwongezea godoro.

Safari zilikua sita, sitawachosha nazo. Hakupewa hata kidonge kimoja, ni kuongea, ni kuchora, na mimi kufundishwa kubadilisha shuka bila kelele. Ule mpira niliutupa chooni. Usiku mkavu ulianza kuja mmoja, alafu mitatu, siku nyingine tunarudi nyuma. Leo yuko vizuri, ananishinda hesabu za duka, na ndio natembea kifua mbele nikialikwa kuongea na kina mama, sitawaficha.

Sasa tuongee kutoa, kwa sababu hapa ndio tunakosea sana na hata mimi nilikua nakosea.

Wakati mtoto ananiozea ndani, kikundi chetu cha akina mama kilichanga shilingi 380,000 kusaidia yatima. Tukanunua mabegi ya shule. Tarehe 16 Juni, siku ya mtoto wa Afrika, tukapiga picha, na kijana wangu yuko kwenye picha ameshika begi. Lilikua begi lake la tatu! Kumpeleka Mbale na kumrudisha, kupitia Tororo, watu wawili na chakula cha mchana, haipungui 50,000. Nilikosa safari ya pili kwa sababu ya hiyo nauli, tukakaa mwezi mzima bila kurudi, na mabegi matatu yananing'inia ukutani.

Kwa hiyo siku hizi tuna sanduku la nauli. Tuko 14, kila mtu 2,000 kwa wiki, inakua 28,000, wiki mbili mtoto mmoja anaenda na kurudi na inabaki 6,000. Hakuna picha. Hakuna kutaja jina la mtoto kwenye mkutano, anayejua ni mwenyekiti na mweka hazina basi. Na hakuna kukopa humo, hii sheria tuliiweka baada ya mmoja wetu kukopa na mtoto akakosa kwenda, tuligombana vibaya. Mpaka sasa tumepeleka saba. Wawili waliacha katikati, nasema ukweli.

Ukitaka kutoa, toa nauli. Ukiwa na uwezo zaidi, lipia chai na viti vya kikundi cha kuongea hapo kijijini. Msidhani lazima daktari kila mahali, mwaka 2002 kule Masaka na Rakai watafiti walifundisha watu wa kawaida wa hukohuko waongoze vikundi vya watu wenye sonona, wanakutana kila wiki, na watu walipata nafuu kweli. Hiyo inahitaji mtu mwenye subira na pa kukaa. Lakini sisi tunapenda kutoa kitu kinachoonekana kwa picha.

Na wazazi, mapema jamani, mapema. Shirika la Afya Duniani linasema theluthi moja ya matatizo ya akili huanza mtu hajafika miaka 14, na nusu hajafika 18, yaani yanaanzia kwenye hivi vitoto tunavyoviita vikaidi. Mtoto akibadilika, chochote, anayeongea akanyamaza, mkavu akakojoa, mlaji akaacha kula, hesabu wiki mbili tatu usipitishe. Usiogope jina. Watu wakisikia Butabika, hospitali ya akili kule Kampala, wanamwona kichaa anayetembea uchi, na ile hospitali iko tangu 1955 inatibu watu wanarudi kazini na nyumbani kwao. Nawe huanzii huko, anza na VHT wako, ama piga 116, Sauti, simu ya kusaidia watoto, ni bure hata simu ikiwa haina salio, kama kuna mtu anamtesa mtoto waambie hapohapo. Mapema na nauli, hayo mawili nitayarudia mpaka mnichoke.

Yule mama wa Malaba nilimjibu asubuhi yake, nikamwambia usisubiri likizo, nyuma ya likizo kuna likizo nyingine. Sanduku lilikua na 62,000, nikamtumia nauli kwa simu Jumatano. Jana ameniandikia eti baba mtoto amesema hiyo pesa wanunue kwanza wigi binti afunike kichwa, wenzake wasimcheke. Nimemwambia anitumie namba ya huyo mzee. Leo nikifunga duka nitampigia mwenyewe.