Namba ya heksadesimali na ile kanuni ya 9

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nina namba ya heksadesimali (yaani ya besi 16, inayohesabu kwa makundi ya 16 badala ya 10, tarakimu 0 hadi 9 kisha A hadi F) 3A5C, nikataka kujua kama inagawanyika kwa 9 nikatumia ile kanuni ya shuleni ya kujumlisha tarakimu, A ni 10 na C ni 12, kwa hiyo 3+10+5+12 napata 30, na 30 haigawanyiki kwa 9. Lakini nikiipeleka desimali inakuwa 14940, na kalkuleta inasema 14940 gawanya kwa 9 ni 1660 kamili! Sasa kanuni ndo imekufa au? Na kuna njia ya kujua vigawo vyake bila kupitia desimali?

JIBU: Hesabu zako zote ziko sawa. Kugawanyika kwa 9 ni tabia ya namba yenyewe, haibadiliki hata uiandike vipi, ila kujumlisha tarakimu kunategemea umeiandika kwa besi gani.

Kwenye desimali kanuni inakubali kwa sababu 10, 100, 1000 zote ukizigawa kwa 9 inabaki 1. Kwenye heksadesimali nafasi zinakwenda 1, 16, 256, 4096, na hizi zinabakiza 1 ukizigawa kwa 15, siyo kwa 9. Cheki 256, ni 15 mara 17 halafu inabaki 1. Kwa hiyo ile 3 yako iliyokaa kwenye nafasi ya 4096 inaacha baki 3 tu, A inaacha 10, na kuendelea, jumla 30, na 30 inagawanyika kwa 15, basi na namba nzima inagawanyika kwa 15. Jaribu, 14940 gawanya kwa 15 unapata 996. Yaani ile 30 uliyoipata ilikuwa inakwambia kitu kikubwa tu, ila siyo kuhusu 9.

Na kwa kuwa 15 ni 3 mara 5, jumla hiyo hiyo inapima 3 na inapima 5. Hapa kwenye 5 ndo wengi wanateleza, wamezoea kuangalia tarakimu ya mwisho kama ni 0 au 5, lakini kwenye heksadesimali ya mwisho haisemi lolote kuhusu 5, lazima ujumlishe.

Kwa 17, kwa kuwa 16 ni 17 toa 1, unatoa na kujumlisha kwa zamu kuanzia kulia, 12−5+10−3 ni 14, kwa hiyo 17 haimo. Ila chukua FFFF, yaani 65535, zamu zinaleta 0, basi 17 imo.

Sasa 9 yako. 4096 ukitoa 1 ni 4095, nayo ni 9×5×7×13, kwa hiyo kata namba vipande vya tarakimu tatu tatu kuanzia kulia halafu jumlisha: 3 na A5C unapata A5F, ambayo ni 2655, na 2655 ni 9 mara 295. Imo! Kipimo hicho hicho kinafaa kwa 7 na 13 pia, mi nakipenda kuliko vyote, ila kwa namba yako 7 inabakiza 2 na 13 inabakiza 3.

Kwa 2, 4 na 8 angalia tarakimu ya mwisho tu, C ni 12, inakubali 4 inakataa 8. Ukiunganisha sasa una 4×9×5, hiyo ni 180, na 14940 gawanya kwa 180 ni 83, ambayo ni namba tasa, kwa hiyo vigawo tasa vyake umevimaliza vyote.