Kuchi wa mita sita: kushuti dubwana la muvi kwa mnyama halisi na vijumba vya boksi, kwa hela ndogo

Dondosha tofali kutoka juu ya ukuta wa mita 2.7 na litagusa ardhi baada ya sekunde 0.74. Sasa jenga ukuta uleule kwa boksi, uupunguze mara 12 ubaki sentimita 22.5, kisha udondoshe kijitofali kutoka juu yake: sekunde 0.21, kimeshafika. Mtazamaji hapigi hesabu hiyo, ila ameona vitu vikianguka tangu yuko mgongoni mwa mama yake. Ukuta ukifika chini kabla ya wakati wake, anacheka, na mtu akishacheka kwenye muvi ya kutisha kumrudisha ni kazi.

Dawa ni kurekodi fremu nyingi kwa sekunde kisha kuzicheza taratibu, na kiasi cha kupunguza mwendo hakibahatishwi. Chukua namba ya skeli, yaani mara ngapi umepunguza vitu, tafuta kipeuo chake cha pili, gawanya 1 kwa jibu. Skeli ya 1 kwa 12 inatoa asilimia 29 ya kasi ya kawaida, 1 kwa 16 asilimia 25, 1 kwa 25 asilimia 20. Ukiediti kwa fremu 24 kwa sekunde, simu inayorekodi fremu 120 inatosha kwa skeli zote tatu. Simu ya fremu 60 haitoshi: kwa 1 kwa 12 zinahitajika fremu 83, na programu ya kuediti itaziba pengo kwa kurudia fremu zilezile, dubwana aonekane anakwamakwama kama video yenye mtandao mbovu.

Chagua 1 kwa 12 na ubaki nayo hadi mwisho. Sababu ni bati. Migongo ya bati la kawaida la kuezekea imeachana milimita 76. Menya karatasi ya juu ya boksi la kawaida la sabuni au biskuti na utakuta migongo iliyoachana milimita 6 hadi 8. Gawanya 76 kwa 12 uone jibu linaangukia wapi. Yaani boksi la bure dukani tayari ni bati la skeli yako. Lipake rangi ya fedha, kisha gusagusa rangi ya kahawia kwa sponji kwenye misumari na kingo, maana bati lisilo na kutu hata kidogo halijawahi kukaa juu ya nyumba ya mtu.

Halafu mnyama. Hapa ndipo Wamarekani walipotuachia mafunzo mengi, mengine ya bure kabisa. Mwaka 1972 studio kubwa ya MGM ilitoa Night of the Lepus, muvi ya sungura wakubwa wanaoua watu. Sungura halisi walikimbizwa kati ya vijumba vidogo, mwendo ukapunguzwa, yote kama inavyotakiwa, na bado hakuna aliyeogopa, kwa sababu sungura ni sungura. Manyoya nayo yalisaliti: unywele mmoja una unene uleule hata useme mnyama ana ukubwa gani, na kamera ya karibu inauona. Wanyama wa ngozi ngumu, magamba au gome husamehe zaidi. Tarantula ya 1955 ilitumia buibui halisi, akiongozwa kwa kupulizwa hewa, na hadi leo picha zake nyingi zinasimama.

Kwa huku kwetu, mnyama wa kwanza wa kumfikiria ni jogoo wa kuchi. Ana miguu mirefu yenye magamba, shingo ndefu, manyoya machache na lile jicho lisilopenda mtu. Akisimama sentimita 50 ni mita 6 kwenye skeli yako, juu ya paa la nyumba yoyote ya chini. Shuti kuanzia saa 2 hadi saa 4 asubuhi. Jua likipanda anaanza kuhema mdomo wazi, na dubwana anayehema kwa joto anaomba huruma badala ya kutisha. Mcheleweshee chakula cha asubuhi, lakini usimnyime maji. Muongoze kwa chenga za nafaka, na zifiche nyuma ya vijumba: punje ya mahindi ya sentimita 1 katikati ya barabara yako inakuwa jiwe la sentimita 12 ambalo dubwana amesimama kulidonoa. Weka kitambaa chenye maji karibu. Kuku hajali kwamba ule ni mtaa.

Kaa mkubwa wa mikokoni ndiye wa pili, na kwa kutisha anamzidi kuchi. Akikunjua magando hufika sentimita 40 hivi, karibu mita 5 kwenye skeli. Muuzaji humfunga magando kwa kamba ya ukindu au mpira, nayo itaonekana kwenye picha. Mfunge upya kwa nailoni nyembamba ya kuvulia kabla ya kuikata ile ya kwanza, si baada yake, kwani gando la kaa huyu linaweza kuvunja kidole. Anatembea kwa ubavu, kwa hiyo akipita mbele ya kamera kutoka kushoto kwenda kulia uso wake unakutazama muda wote. Hakuna mnyama mwingine atakupa hilo. Kila dakika kumi mrudishe kwenye ndoo yenye gunia bichi.

Jongoo anafaa kwa picha za karibu, ila akibanwa hutoa maji ya njano yanayowasha macho na kuacha doa kwenye ngozi. Mhamishe kwa kijiti. Kenge, chatu na kinyonga waache porini. Sheria za wanyamapori, ya 2009 kwa Tanzania na ya 2013 kwa Kenya, zinawahusu, na kesi itakula bajeti yote. Wale wanaoshauri mnyama awekwe kwenye friji ili atulie usiwasikilize. Ni ukatili, na mnyama aliyepoa anaonekana mgonjwa.

Watu wengi wa ukanda wa Ziwa Tanganyika wangependa kumfanya mamba, hasa kwa sababu ya Gustave, mamba wa Burundi, yule wa mto Ruzizi aliyekadiriwa kuwa na mita 6 hivi. Hollywood yenyewe ilimfanyia muvi mwaka 2007. Kwa bajeti ndogo, mamba ana tatizo la maji. Tone la maji halipungui ukubwa kwa kuwa umejenga kijiziwa. Mamba wa mpira akipiga mkia kwenye beseni, matone yanayoruka yanaonekana makubwa kama tikiti, na hakuna kasi ya fremu inayoliponya hilo. Moto una ugonjwa uleule. Dubwana wako awe wa nchi kavu.

Nyumba. Ukuta wa sentimita 22.5, mlango wa 17 kwa 7.5. Kuta ambazo hazibomolewi ziwe za boksi lililopakwa gundi nyeupe na mchanga uliochekechwa kwa chujio la chai. Ukuta wa kubomolewa uwe wa unga wa jasi, ule wa mafundi dari: sehemu 2 za jasi kwa sehemu 1 ya majivu laini, unene wa milimita 5, na kabla haujakauka kabisa uchore mistari ya tofali kwa nyuma hadi nusu ya unene. Majivu ndiyo yanayoudhoofisha. Ukiweka jasi tupu, ukuta unavunjika vipande viwili vikubwa kama sahani, na mtazamaji ameona sahani ikivunjika. Kuku havunji chochote kwa hiari, kwa hiyo toboa matundu matatu, pitisha nailoni, na mtu avute kutoka nyuma mguu unapotua. Atangulie kidogo kuliko kuchelewa: kwa asilimia 29, kosa la robo sekunde linageuka karibu sekunde nzima kwenye skrini. Tupia unga wa ngano nyuma ya ukuta ili vumbi litoke na kifusi. Simenti isitumike, inaunguza mapafu ya mnyama na yako.

Miti ni matawi ya mvinje yaliyochomekwa kwenye udongo, nayo hukaa asubuhi nzima bila kunyauka. Majani ya mlonge yana ukubwa mzuri sana ila yanajikunja ndani ya saa moja.

Kamera iwe chini. Macho ya mtu mzima yako mita 1.6 juu ya ardhi, gawanya kwa 12, ni sentimita 13. Igeuze simu kichwa chini ili lenzi iwe upande wa meza, kisha uizungushe picha wakati wa kuediti. Kosa la kushuti ukiwa umesimama, ukiangalia meza kutoka juu, ndilo linaloonekana zaidi kwenye video za mtandaoni, na si la kifedha hata kidogo.

Mwanga ni jua. Taa za umeme wa nyumbani hupepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni, lakini kwa fremu 120 picha inapumua giza na mwanga tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa kamera yenye lenzi ya kubadilisha, anza na tundu la lenzi f/16, shata (muda wa kila picha) 1/250 ya sekunde, ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) 250 kwenye jua kali. Tundu liwe dogo hivyo kwa sababu nyumba ya nyuma ikifutika fokasi, kila mtu anajua kamera iko karibu. Simu zina bahati hapa, sensa yake ndogo inashika fokasi kwa kina, na simu ya zamani mara nyingi inashika kuliko mpya. Tatizo la simu ni kwamba haibani tundu, hivyo juani inakimbilia shata ya 1/4000 na mwendo unakuwa mkavu, kama vikaragosi. Shikilia kioo cha miwani ya jua nyeusi mbele ya lenzi; hiyo inairudisha karibu na 1/500.

Watu na dubwana kwenye fremu moja ndiyo sehemu ngumu. Njia ya rahisi ni macho kudanganywa kwa umbali: mnyama mita 1 kutoka kwenye kamera, mtu mita 12, ukingo wa meza yenye udongo ukikutana na ardhi halisi mtu aliposimama. Lakini ukipunguza kasi, mtu naye anapungua, anakimbia kama yuko ndani ya uji. Kwa hiyo njia hii ni ya mnyama ambaye tayari anakwenda taratibu kwa kasi ya kawaida, na hakuna anayemshinda konokono mkubwa wa bustanini. Kwa kuchi na kaa, funga kamera kwenye tripodi, shuti watu peke yao na meza peke yake, kisha unganisha nusu mbili kwenye mstari uliopo tayari, kama vile paa au ukuta wa uzio. Jua liwe upande uleule na saa ileile. Mnyama akivuka mstari, mguu unakatika. Mwongozaji Bert I. Gordon mwaka 1957 aliwatembeza panzi halisi juu ya picha za majengo ya Chicago, na kuna mahali panzi anakanyaga anga kana kwamba ni sakafu. Chora mstari wako kwa chaki mezani.

Mtu akitakiwa kushikwa, tengeneza kiungo kimoja tu kwa ukubwa halisi. Kidole cha kuchi cha sentimita 6 kinakuwa 72: bomba la PVC la inchi 1 na nusu, godoro kuukuu, na magamba yaliyokatwa kwenye tyubu ya tairi la lori. Mwaka 1975 kule Wisconsin, mwongozaji Bill Rebane alilivisha gari la Volkswagen miguu ya buibui na watu wakaichezesha miguu hiyo wakiwa ndani. Inachekesha, kwa sababu buibui alionyeshwa mzima mchana kweupe. Mwaka huohuo papa wa mitambo wa muvi ya Jaws aliharibiwaharibiwa na maji ya chumvi, wakalazimika kumficha, na watu hawakuoga baharini. Kidole chako kionekane kwa sekunde mbili, na kioneshwe kikiwa kimelowa.

Kabla ya siku ya kushuti pata kibali, Bodi ya Filamu kwa Tanzania, mamlaka ya filamu inayohusika kwa Kenya, na uwaeleze majirani.

Sauti usimpe dubwana mngurumo wa simba uliopakuliwa. Kila mtu anaujua. Rekodi kuchi yuleyule na uishushe sauti yake oktava moja, kisha uilaze juu ya nakala iliyoshushwa mbili. Kaa hana sauti: vunja maganda ya karanga makavu karibu na maiki, yashushe vivyo hivyo. Hatua ni gunia la mchanga la kilo 10 likiangushwa kwenye udongo mkavu. Dubwana akiwa mbali, mita 170 hivi, chelewesha kishindo nusu sekunde baada ya mguu kutua, kwani sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde. Anapokaribia, punguza ucheleweshaji hatua kwa hatua mpaka mguu na kishindo vikutane.