Maswali ya Wasomaji: Giza la Petworth na Mambo Mengine

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu majumba ya kale ya mashambani huko Uingereza, hasa Petworth House iliyoko West Sussex, ambayo inasifika kwa michoro ya wachoraji Turner na Van Dyck. Tumechagua barua tano.

Swali: Mhariri, nilikwenda Petworth na wanangu wakati wa likizo ya kiangazi. Nje jua lilikuwa kali, lakini ndani mapazia yalikuwa yameteremshwa na picha nyingine hatukuziona vizuri. Mtu analipa kiingilio ili aone au ili apapase? — *Mama wa watoto watatu, London*

Jibu: Lalamiko lako lina haki, na hata wanaoyateremsha mapazia hayo hawalifurahii giza. Tatizo ni kwamba mwanga huharibu kile kile unachokionyesha, na uharibifu wake haurekebishiki: rangi iliyopauka haiwezi kurudishwa na fundi yeyote. Tena uharibifu huo hujumlishwa saa kwa saa, mwaka kwa mwaka, kiasi kwamba mwanga hafifu wa muda mrefu hufanya kazi ile ile ya mwanga mkali wa muda mfupi.

Kwa sababu hiyo wahifadhi wa National Trust, taasisi inayolimiliki jumba hilo, hugawa mwanga kama posho. Vitu dhaifu kama vile vitambaa, michoro ya karatasi na rangi za maji hupewa mwangaza wa laksi 50 hivi (laksi ni kipimo cha mwangaza), na jumla isiyozidi laksi-saa 150,000, yaani laksi mara idadi ya saa, katika mwaka mzima; michoro ya rangi za mafuta, ambayo ni migumu zaidi, huruhusiwa laksi 200 hivi, na jumla ya 600,000. Ukipiga hesabu utaona kwamba posho zote mbili zinatosha saa 3,000 kwa mwaka. Sasa chukua kiti chenye kitambaa cha hariri kilichoachwa dirishani, kikapigwa na jua la laksi 50,000: posho yake ya mwaka mzima itakwisha kwa saa tatu tu, yaani kabla ninyi hamjamaliza kuzunguka vyumba.

Vioo vya madirisha hubandikwa utando wa kuzuia mionzi ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni wala hayaihitaji, ila utando huo hauondoi madhara ya mwanga wa kawaida, na ndiyo maana mapazia hubaki. Utakaporudi, tazama pembeni mwa vyumba kama kuna vipande vidogo vya sufu ya buluu. Sufu hiyo imetiwa rangi inayopauka kwa kasi inayojulikana, na kwa kuipima mwisho wa mwaka wahifadhi hujua chumba kimetumia mwanga kiasi gani. Kuhusu watoto, dawa ni kusimama kimya dakika chache katika chumba cha kwanza. Macho yanayotoka kwenye jua huhitaji muda, na wengi wetu huwa tumeshakivuka chumba kabla hayajazoea.

Swali: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa. Katika picha za Petworth nilizoziona, michoro imepangwa safu juu ya safu mpaka karibu na dari, na mingine iko chini mno. Kwa nini wasiipange kama majumba ya makumbusho ya kisasa, kila mchoro na nafasi yake? — *Mwanafunzi, Dar es Salaam*

Jibu: Marahaba. Jambo unalolipendekeza lilishafanywa, na kisha likatenguliwa. Katika miaka ya 1950 kazi ya kupanga upya michoro ya Petworth alipewa Anthony Blunt, mtaalamu aliyekuwa pia msimamizi wa picha za ufalme wa Uingereza (ndiye huyo huyo aliyefichuliwa mwaka 1979 kuwa aliwahi kuwa jasusi wa Wasovieti, lakini kesi hiyo si ya safu hii). Blunt alipunguza msongamano, akaondoa michoro aliyoiona ni ya daraja la chini, na kuipa nafasi ile aliyoiona bora. Kwa macho ya mwanahistoria wa sanaa matokeo yalipendeza. Kwa jumba lenyewe, kwa maoni yangu, yalikuwa hasara, kwa kuwa yalifuta ladha ya mtu aliyeujaza mkusanyiko huo na kuweka ladha ya mgeni.

Mtu huyo alikuwa George Wyndham, Earl (cheo cha kikabaila) wa tatu wa Egremont, aliyefariki mwaka 1837. Alinunua kazi za wasanii wa Uingereza waliokuwa hai wakati ambapo matajiri wenzake wengi walithamini kazi za kale za Italia, akawakaribisha wasanii nyumbani kwake na kuwapa mahali pa kufanyia kazi. Turner alichora katika maktaba ya zamani ya jumba hilo. Earl huyo alilipanua Jumba la Sanaa la Kaskazini, ukumbi wa humo ndani unaopokea mwanga kutoka juu ya paa, na humo akachanganya sanamu za marumaru za Ugiriki na Rumi ya kale na sanamu za Waingereza wa enzi yake, huku kuta zikiwa zimefunikwa kwa michoro. Mchanganyiko huo ulikuwa hoja: alikuwa akisema kwamba Waingereza wanaweza kusimama bega kwa bega na wa kale. Ukivitenganisha vitu hivyo, hoja inatoweka hata kama kila kimoja kinaonekana vizuri zaidi.

Katika miaka ya 1990 wahifadhi waliirudisha michoro mingi karibu na mpangilio wa Earl huyo. Walisaidiwa na kumbukumbu za zamani, na pia na Turner mwenyewe, ambaye mnamo 1827 alichora vyumba vya Petworth kwenye karatasi za buluu, michoro midogo ya haraka ambayo sasa iko katika jumba la sanaa la Tate jijini London.

Kuhusu michoro iliyo chini mno, nadhani unaisema mandhari minne ya Turner katika Chumba cha Nakshi, ambamo nakshi za mbao za mti uitwao linden zilizochongwa na Grinling Gibbons huzizunguka picha kubwa za watu. Mandhari hayo, mawili ya bustani ya Petworth, moja la mfereji wa Chichester na moja la gati la Brighton, yaliwekwa chini kwa makusudi. Chumba hicho kilikuwa cha kulia chakula, na aliyeketi mezani aliyaona usawa wa macho yake. Yapandishe, nawe umepanga chumba kwa ajili ya watu waliosimama.

Swali: Picha hizo ni mali ya nani, familia au serikali? — *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Jumba na bustani yake vilikabidhiwa National Trust mwaka 1947. Sehemu kubwa ya michoro bora iliingia mikononi mwa umma mwaka 1956, pale hazina ya serikali ilipoipokea badala ya fedha za kodi ya urithi, kwa makubaliano kwamba ibaki humo humo ndani. Familia ya Egremont ingali inaishi katika sehemu ya jumba, na baadhi ya vitu ni vyao.

Swali: Ninajitolea katika jumba la kale lililo wazi kwa wageni. Mambo mawili yananishangaza. Kwanza, mitambo ya joto huwaka siku ya mvua katikati ya Julai, lakini Januari tunatetemeka. Pili, tumekatazwa kabisa kufuta vumbi kwenye fremu za dhahabu. — *Msomaji, Nottingham*

Jibu: Mitambo hiyo haiwashwi kwa ajili yako wala ya wageni, bali kwa ajili ya mbao na turubai. Kinachoiwasha ni kipimo cha unyevu wa hewa, wala si kipimajoto. Hewa ikipashwa moto kidogo, kiwango chake cha unyevu hushuka, na lengo la wahifadhi ni kukiweka kati ya asilimia 50 na 65. Kikizidi hapo, ukungu huota na wadudu huzaana. Kikishuka sana, mbao husinyaa, na mchoro uliochorwa juu ya ubao huweza kupasuka au kubanduka rangi. Siku ya Julai yenye mvua ina unyevu mwingi, kwa hiyo mtambo huwaka. Januari, kama chumba kingepashwa mpaka mtu avue koti, hewa ingekauka mno.

Fremu za dhahabu ni suala jingine. Nyingi zimefunikwa kwa karatasi nyembamba mno za dhahabu zilizobandikwa juu ya tabaka la chokaa na gundi, na gundi hiyo huyeyuka kwa maji. Kitambaa chenye unyevu kidogo tu huondoka na dhahabu yenyewe, nacho kikavu huikwaruza na kunasa kwenye nakshi. Mwenye mafunzo hutumia brashi laini ya manyoya ya farasi na kulielekeza vumbi kwenye mashine ya kulivuta, ambayo mdomo wake umefungwa wavu ili kipande kilichobanduka kisimezwe. Hata hivyo vumbi haliachwi milele, maana likikaa kwenye hewa yenye unyevu hugandamana na kuwa gumu kuondoa. Sehemu kubwa ya vumbi hilo hutoka kwenye nguo za wageni, na hupungua kadiri mgeni anavyosimama mbali. Kamba unazozilinda zina kazi hiyo pia.

Swali: Na moto je? Vitu vyote hivyo katika jumba moja la mbao na mapazia! — *Msomaji, Zanzibar*

Jibu: Hofu yako ina mifano miwili. Tarehe 30 Agosti 1989 jumba la Uppark, lililo katika West Sussex hiyo hiyo, liliungua kutokana na mafundi waliokuwa wakichomelea mabati ya paa yaliyotengenezwa kwa madini ya risasi. Ghorofa za juu zilikwisha, lakini vitu vingi vya vyumba vya chini viliokolewa kwa sababu wenyeji, wafanyakazi na wazima moto walipanga mstari na kupokezana. Vifusi vilichekechwa kwa mkono, vipande vya plasta na mbao vikatumika kama vielelezo kwa mafundi, na jumba likafunguliwa tena mwaka 1995.

Clandon Park ya Surrey iliungua Aprili 2015 kwa hitilafu ya umeme iliyoanzia chini ya jumba, na humo takribani chumba kimoja tu ndicho kilichosalia kikiwa kizima kwa kiasi kikubwa. Safari hii National Trust iliamua kutolirudisha jumba kama lilivyokuwa, bali kuzihifadhi kuta zilizobaki, matofali yake yakiwa wazi. Uamuzi huo umezusha ubishi mkubwa. Mimi niko upande wa wanaouunga mkono, kwa kuwa Uppark ilibakiwa na vitu vya kurudisha ndani, na Clandon haikubakiwa na vya kutosha.