Kitabu cha kumbukumbu cha mkutano wa klabu: tembo mmoja anatosha

Klabu yetu ya safari ilifanya mkutano mkuu wa mwaka Mikumi, penye hifadhi ya taifa, na baada ya kikao tukashuka hifadhi ya Udzungwa. Wakati wa kurudi, kabla Kosta haijafika hata Morogoro mjini, grupu la WhatsApp lilikuwa limejaa tembo. Tembo wa kulia, tembo wa kushoto, tembo kageuza mgongo. Na ni tembo yuleyule, kapigwa na simu zote zilizokuwa kwenye gari moja.

Mimi ndiye ninayetengeneza kitabu cha kumbukumbu cha klabu, na watu wa klabu nyingine wananiuliza nafanyaje. Jibu langu huanzia kwa huyo tembo: mpe picha moja, yatosha. Picha nzuri za tembo wa Mikumi zimejaa kila mahali, zimepigwa na watu wenye kamera za maana na subira ya kutwa nzima. Ambayo huikuti popote ni ile ya mweka hazina wetu akihesabu michango ya chakula cha jioni juu ya boneti ya gari, simu kaibana kwa kidevu ili immulikie. Hiyo usipoibandika wewe, hakuna mwingine wa kuibandika. Kitabu cha mkutano ni cha watu waliokutana. Wanyama ni wenyeji waliotupokea, na mwenyeji anapewa heshima yake, lakini habari si yake.

Kazi yenyewe haianzi ukifika nyumbani, inaanza safarini. Mimi hubeba bahasha ya kaki ya A4 na kuitangaza mapema: karatasi yoyote unayotaka kuitupa, ipitishe kwangu kwanza. Humo huingia tiketi za treni ya SGR za waliotoka Dar mpaka Morogoro, beji za majina, karatasi za kura za uchaguzi wa viongozi, na ratiba. Usitafute ratiba safi. Tafuta ile ya katibu, yenye "saa 12:00 asubuhi kuondoka" iliyokatwa kwa kalamu ikawa 12:30, ikakatwa tena ikawa saa 1:15, kwa sababu kuna mjumbe alikuwa bado anatafuta chaja. Ukurasa mmoja wa namna hiyo unaieleza klabu yetu kuliko hotuba ya mwenyekiti, na mwenyekiti mwenyewe analijua hilo.

Risiti zina mambo yake. Zile za mashine ya EFD hazichapwi kwa wino. Karatasi yenyewe hubadilika rangi kwa joto. Ikipigwa jua, au ikikaa muda kwenye droo, maandishi yanafifia mpaka unabaki na kipande cheupe usichojua kilikuwa cha nini. Kwa hiyo wiki hiyohiyo ya kurudi, zipeleke steshenari zikatolewe nakala kwenye karatasi ya kawaida, zikate kwa ukubwa wa ile ya asili, na nakala ndizo ubandike.

Kisha kuna maneno. Beba kidaftari cha mfukoni, andika wanayosema watu papo hapo, maana jioni utakuwa umebaki na maana tu, ladha imekwenda. Kwenye bwawa la viboko, mzee mmoja kutoka Dodoma aliwatazama kwa muda mrefu wakiwa wamejilaza majini, akamgeukia muongozaji: "Sasa hawa, kodi ya nyumba wanamlipa nani?" Gari zima lilicheka. Picha ya viboko niliyonayo ni mbaya, migongo tu na maji ya matope, lakini sentensi hiyo iko chini yake na hakuna anayeupita ukurasa huo bila kusimama.

Kwa Mikumi nina swali moja ambalo ningemshauri mtu yeyote aliibe. Barabara kuu ya kutoka Dar kwenda Iringa, Mbeya mpaka Zambia inakatisha ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, kwa hiyo Watanzania wengi "wameiona" Mikumi kupitia dirisha la basi na hawajawahi kuingia getini. Nilizungusha karatasi mezani wakati wa chakula: mara ya kwanza uliiona Mikumi lini, na ulikuwa unakwenda wapi? Mmoja kaandika alikuwa anapelekwa shule ya bweni, analia, na twiga ndiye aliyemnyamazisha. Mwingine alikuwa anakwenda kwenye msiba Mbeya. Kuna aliyeandika kwamba kila safari alikuwa amelala. Karatasi hiyo niliibandika kama ilivyo, na doa la mchuzi likiwemo.

Sasa jambo ambalo silifanyii mzaha. Ukiingia hifadhi ya taifa, usitoke na kitu cha hifadhi. Najua kinachowajia watu wa vitabu vya kumbukumbu: unyoya mzuri wa kanga pori uko njiani, mwiba wa nungunungu umelala tu, kipande cha mfupa kimekaushwa na jua kikawa cheupe pee, nani atajua? Mifupa, manyoya, miiba, meno na ngozi vya wanyamapori vinaweza kuhesabiwa nyara za Serikali chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kesi ya nyara si ya kuielezea polisi kwamba ulikuwa unapamba daftari. Maua, majani na mawe navyo viache hapohapo. Wenzetu wakiokota kitu, mimi hukiweka chini kwenye ardhi ileile, naweka rula pembeni, napiga picha, tunaondoka. Nyayo nazipenda zaidi: unapima upana kwa rula, unauchora kwenye kidaftari kwa kipimo chake halisi, na ukurasani msomaji anaweka kiganja chake juu ya mguu wa simba.

Ukitaka kitu cha kushika, kiko nje ya geti. Tulipofuata barabara ya Ifakara kupitia Kidatu kwenda Mang'ula, dada mmoja alijifuta uso kwa tishu nyeupe, ikatoka na vumbi jekundu kama tofali. Nikaiomba. Alidhani nimechanganyikiwa. Iko kwenye kitabu, imefunikwa kwa plastiki nyepesi, na chini imeandikwa: "Uso wa mjumbe, baada ya Kidatu."

Picha nazo zidai mapema. WhatsApp huzibana zikitumwa kawaida, na ukizisafisha zinatoka zimefifia, nyuso kama zimepakwa unga. Waombe watu wakutumie kama dokumenti, au uhamishe moja kwa moja kutoka kwenye simu zao wakati bado mko pamoja, kwa sababu wakishafika makwao ahadi ya "nakutumia jioni" inajulikana inakoishia. Nikichagua, natafuta mtu anayefanya jambo. Waliojipanga mstari wakitabasamu wana picha moja tu kitabuni, ile ya getini ya kundi zima, na hiyo ina kazi yake: juu yake naweka karatasi nyepesi inayoonyesha kilicho chini, nachora mzunguko wa kila kichwa kwa penseli, natia namba, na pembeni naorodhesha majina. Miaka inakwenda, watu wanahama, na hakuna kinachouma kama "huyu naye alikuwa nani?" Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, kalamu ya bik inasukuma alama mpaka upande wa mbele.

Vifaa si vya kutisha mfuko. Albamu zile zenye kurasa za gundi na plastiki ya kufunika siziamini: gundi inageuka njano, na picha ikishang'ang'ania haitoki bila kuchanika. Kaunta buku linafaa ukilitoa nusu ya kurasa zake, yaani unakata ukurasa mmoja na kuacha unaofuata. Usipofanya hivyo vitu vilivyobandikwa vinalivimbisha na haliwezi kufungika. Mimi siku hizi natumia manila ngumu zilizokatwa sawasawa, nazitoboa kwa panchi, nazifunga kwa kamba nyembamba ya katani, na jalada ni boksi gumu lililovishwa kitenge. Uzuri wake ni kwamba mjumbe akileta picha miezi sita baadaye, nafungua kamba na kuongeza ukurasa.

Gundi ya stiki ndiyo ya karatasi. Gundi ya maji inakunja ukurasa, na ule uji wa ngano tuliotumia shuleni ni karamu ya mende. Selotepu iwe mbali kabisa. Picha zenyewe sizigandishi. Nazishika kwa pembe nne. Unakata ukanda wa karatasi upana wa kidole, unakunja ncha zake mbili zishuke na kukutana katikati, unapata pembetatu yenye mfuko. Unaichomekea kwenye kona ya picha, na gundi inapakwa nyuma ya pembetatu tu. Siku mtu akihitaji picha kwa ajili ya shughuli, na huwa inatokea, inachomolewa na kurudishwa salama.

Kwa sisi tunaoishi pwani adui ni unyevu. Kitabu kisiegemee ukutani, kisifungiwe kwenye mfuko wa nailoni, na kikae kabatini juu, pamoja na vile vifuko vidogo vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Maelezo ya hifadhi yawe mafupi na yamsaidie msomaji kuelewa picha. Ukurasa wetu wa Mikumi unasema ilianzishwa mwaka 1964 na ina kilomita za mraba 3,230, basi. Ule wa Udzungwa ulihitaji zaidi kidogo, kwa sababu mtazamaji atajiuliza kwa nini jana watu walikuwa ndani ya gari kwenye majani makavu ya uwanda wa Mkata na leo wamelowa jasho chini ya miti mirefu. Nikaandika kwamba hifadhi hiyo, iliyotangazwa mwaka 1992, ni ya kutembea kwa miguu. Kwamba maporomoko ya Sanje yanashuka zaidi ya mita 170. Na kwamba msituni humo yupo mangabe wa Sanje, kima ambaye sayansi ilimtambua mwaka 1979 tu. Mangabe wenyewe hatukuwaona. Katikati ya ukurasa nimebandika fremu tupu yenye jina lake, na kuizunguka kuna wajumbe waliokaa kwenye mawe chini ya maporomoko, viatu mkononi, wakibishana nani alisikia nini huko juu ya miti.

Kuna ya kuomba ruhusa. Picha ya mtu kalala kinywa wazi ndani ya Kosta inachekesha, lakini muulize mwenyewe kwanza. Wengine watakubali kwa fahari, na aliyekataa amekataa. Watoto, mpaka mzazi aseme. Wauza ndizi wa njiani si mapambo ya kitabu chetu, kama hatukuzungumza nao tuwaache. Lakini uchaguzi uliokuwa na maneno, ule naubandika. Tulibishana kuhusu ada karibu usiku mzima, na matokeo ya kura yako pale kwa mwandiko wa msimamizi, pamoja na picha ya pande zote mbili asubuhi yake wakigawana chapati. Baadhi waliniomba niutoe ukurasa huo. Nilikataa, na nitaendelea kukataa.

Mwisho, amueni mapema kitabu kinakaa kwa nani. Nimesikia klabu zilizogombana kwa hilo kuliko kwa fedha. Chetu kinakaa kwa katibu, kila ukurasa umepigwa picha na kuhifadhiwa kwenye flashi mbili za watu tofauti, na anayekiazima anasaini tarehe ya kuchukua na ya kurudisha. Kinakwenda kila mkutano na kurasa chache tupu nyuma, kwa ajili ya wale wanaokumbuka jambo wakishaziona picha. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba siku ile ya Sanje kuna aliyeteleza akaingia majini na simu yake, na wote waliomwona walikubaliana kutomwambia mwenyekiti.