Pima Paipu Kwanza: Klampu za Kamera Ndogo kwa Pikipiki, Matatu na Mashua

Kamera ndogo ya video ina gramu 150 hivi, uzito wa ndizi moja. Kwa hiyo ikidondoka kutoka kwenye pikipiki kati ya Ahero na Awasi, usilaumu uzito wake. Injini ya silinda moja hutikisa usukani bila kupumzika, matuta nayo yanaongeza yake, na mtikiso huo hulegeza bolti kidogo kidogo mpaka klampu, yaani kishikizo kinachobana kamera kwenye paipu, inaanza kuzunguka. Ndiyo maana dukani swali la "inabeba kilo ngapi?" halikusaidii sana. Uliza inabana kipenyo gani, mkono wake una urefu gani, na meno ya bolti yanaingia kwenye chuma au kwenye plastiki.

Kipenyo ndicho kinachowaponza wengi. Usukani wa bodaboda nyingi, pale mkono unaposhika, ni milimita 22. Paipu za keria na za kukinga injini hazifanani, kwa hiyo zipime. Kama huna kipimo cha fundi, zungushia uzi mara moja, ukate, uupime kwa rula, kisha ugawanye kwa 3.14. Uzi wa milimita 69 ni paipu ya 22. Nunua klampu ambayo kipimo chako kinaangukia katikati ya upana wake, si mwishoni. Ya 20 hadi 35 itafaa. Ya 30 hadi 40 itakulazimisha kujaza mpira, na mpira mwingi hucheza, picha nayo inatetemeka. Ukanda mmoja wa tyubu kuukuu ya baiskeli unatosha: unazuia kuteleza na kuokoa rangi ya paipu. Usizidishe tabaka mbili.

Kwa pikipiki tunapendelea klampu ya nusu mbili yenye bolti mbili, ya alumini. Zile za kubana kama kibanio cha nguo ni za kurekodi ukiwa umesimama, basi. Kaza bolti kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, ili mwanya ubaki sawa pande zote. Ukimaliza angalia huo mwanya: nusu mbili zikiwa zimegusana, klampu haibani paipu, inajibana yenyewe, na hata ukikaza hadi bolti ikatike haitashika.

Sasa bolti ya kamera, mahali ambapo kamera nyingi huharibiwa na watu wenye nia njema. Tundu lililo chini ya kamera na klampu nyingi ni la robo inchi, meno 20 kwa kila inchi, yaani milimita 6.35. Bolti inayopotea mara nyingi hubadilishwa kwa ile ya spana namba 10 kutoka duka la hadwea, ambayo ni ya milimita 6. Zinafanana machoni, na mizunguko ya kwanza inaingia vizuri kabisa. Lakini nafasi kati ya jino na jino ni milimita 1 kwa ile ya hadwea na 1.27 kwa ile ya kamera. Ukilazimisha, unakula meno ya kamera, na hayo hayarudi. Namna ya kuzitofautisha: kichwa cha bolti ya kawaida ya robo inchi ni inchi 7/16, kwa hiyo spana namba 10 haikiingii. Angalia urefu pia. Tundu la kamera huwa na kina cha milimita 5 hivi tu. Bolti ndefu hugota ndani kabla klampu haijabana, nawe ukidhani imekaza unaendelea kusukuma.

Kamera za vidole, mtindo wa GoPro, zina bolti ya milimita 5 inayopita kwenye vidole vya plastiki. Vikishalainika kwa kusuguana, kamera huinamisha kichwa kila tuta. Badilisha kishikizo, kukaza zaidi kutavipasua tu.

Mkono wa klampu uwe mfupi. Ukiurefusha mara mbili, kamera ileile inavuta klampu kwa nguvu mara mbili, na kila kiungo cha katikati ni mahali pengine pa kulegea. Simu ni hatari zaidi: mwaka 2021 Apple yenyewe ilionya kwamba mtikiso wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za iPhone.

Ndani ya matatu, kikombe cha kunyonya kibandikwe kwenye kioo, si kwenye dashibodi iliyopakwa mafuta ya kung'arisha. Futa kioo kwanza, kikauke. Kinachoshikilia kikombe ni msukumo wa hewa ya nje, na hewa hiyo hupungua unapopanda: kutoka Kisumu, mita 1,130 hivi, hadi Nakuru, mita 1,850 hivi, inapungua karibu asilimia 8, na katikati unapita Mau Summit ambako ni juu zaidi. Ukibandika ziwani asubuhi, kibonyeze tena Kericho. Tepu yenye gundi pande mbili nayo inahitaji subira: safisha kwa spiriti ya isopropili, bonyeza, iache saa 24 kabla ya safari; nguvu kamili huja kama saa 72 baadaye.

Kwenye mashua pale Dunga, klampu ya taya ibane ubao wa ukingo ikiwa na kipande cha mbao chini ya kila taya, la sivyo chuma kinazama kwenye mbao iliyolowa na kulegea kabla hamjafika kwenye nyavu.

Kila mahali, funga kamba fupi ya nailoni kutoka kwenye kamera hadi kwenye chombo chenyewe. Usiifunge kwenye klampu, kwa sababu klampu ikitoka vyote vinaenda pamoja, na kamera hizi huzama. Kisha chora mstari mmoja wa kalamu ya wino mzito unaovuka nati na klampu. Baada ya kilomita 10 simama utazame: mistari ikiachana, nati imezunguka. Fungua, tia tone la gundi ya kushikilia meno ya bolti, kaza upya, uchore mstari mwingine.