Kabla ya mashine ya kupima maji, nunua daftari

Wiki hii kijana mmoja wa Likasi, mji wa migodi hapa Katanga, kusini mwa Kongo, ameniandikia. Anataka kuanza kupima maji ya mto Panda, na ameuliza swali moja tu: anunue mashine gani? Najua mko wengi wenye moyo kama wake, kwa hiyo namjibu hapa.

Anza na daftari. Sisi hapa Lubumbashi tulianzia kando ya mto Kafubu kwa sababu mama zetu wanamwagilia lengalenga (mchicha) kwa maji yale, na jioni mboga hizo zinakuwa sokoni. Tulikuwa na kipima pH (yaani uchachu wa maji) cha mkononi na chupa za plastiki, basi. Kila mwezi tulirudi mahali palepale, saa ileile. Kituo kimoja cha kuchotea kiwe juu, kabla maji machafu ya migodi hayajaingia mtoni, na kingine chini. Bila kile cha juu, yeyote atakuambia kwamba udongo wa Katanga una shaba tangu enzi za mababu. Ni kweli unayo, ndiyo maana unahitaji cha kulinganisha.

Katika kikao kimoja, bwana mwenye cheo alishika karatasi zetu, akazipitisha macho, akasema: "Shaba haijafika miligramu 2 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linaruhusu. Mnatisha watu bure." Ukumbi ukacheka. Kicheko kile kinaniuma mpaka leo, kwa sababu wengi waliocheka wanakula samaki wa mto huo. Kiwango cha miligramu 2 ni cha maji ya kunywa binadamu. Samaki anapumua ndani ya maji, na shaba iliyoyeyuka inamharibu mashavu anayopumulia kwa kiasi kidogo kuliko hicho mara nyingi, hasa maji yakiwa na chokaa kidogo. Kobalti, metali ya betri ambayo dunia nzima inaifuata kwetu, haina hata kiwango katika mwongozo ule wa maji ya kunywa. Kukosa kiwango si ruhusa ya kumwaga!

Tulirudi na sahani mbili nyeupe. Ya kwanza ilikuwa na wadudu tuliowatoa chini ya mawe ya kituo cha juu, wale wenye mikia mitatu myembamba wanaotaka maji safi, wanatambaa. Ya pili ilitoka kituo cha chini: vifunza vyekundu tu, vinavyovumilia uchafu, na tope. Mezani, pembeni, daftari la msimu wa mvua na wa kiangazi. Safari hii bwana yule aliomba nakala.

Kwa hiyo, kijana wangu, geuza mawe kabla hujafikiria mashine. Ukichota, simama ukitazama mto unakotoka, ili tope la miguu yako lisiingie. Suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale. Andika kituo na saa wakati karatasi bado kavu. Chupa ya kupima metali, ukishachota, omba maabara waitie asidi ya nitriki safi, la sivyo shaba inaganda kwenye kuta za chupa na majibu yanatoka madogo. Kipima pH kilinganishwe na maji ya pH 4 na 7 kabla ya kutoka nyumbani. Na daftari, nasema tena, lisikose mwezi.

Wewe una mzigo mkubwa kuliko wetu. Panda inaingia mto Lufira kwenye Tshangalele, ziwa lililozaliwa na bwawa la Mwadingusha mwaka 1930. Katika vinamasi vya hapo anaishi kwera wa Lufira, ndege ambaye wataalamu walimpa jina la kisayansi mwaka 1982, na makazi yake ni bonde hilo. Kisha Lufira inaelekea mto Lualaba na maziwa ya Upemba. Na ndege mwingine, korongo taji, tunayemfurahia wote, yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka tangu 2012. Tusihesabu ndege huku tumefumba macho kwa maji wanayokanyaga. Weka ukurasa wao katika daftari hilohilo: tarehe, mahali, wangapi, kama kuna viota.

Chagua vituo vyako mwezi huu, kabla mvua ya kwanza haijasomba uchafu wa kiangazi chote kuuingiza mtoni. Siku hiyo ya mvua ya kwanza uwe na chupa mkononi.