Maswali Yenu: Klorini Kopo Zima na Bwawa Bado Kijani

SWALI: Fundi shikamoo. Tumehamia nyumba mpya huku Kigamboni ina swimingi puli, urefu mita 8 upana mita 4, upande wa watoto kina mita 1 na upande wa mwisho mita 2, tunajaza maji ya kisima. Wiki ya kwanza yalikuwa safi afu yakaanza ukijani, kijana anayetusafishia akamwaga klorini ya unga kopo zima, maji yakawa meupe kama tui, baada ya siku tatu kijani tena. Tumeshanunua kopo la pili. Jirani anasema tuweke mrututu. Watoto wako likizo, kila asubuhi wananiuliza lini wataingia. Nianzie wapi?
Mama J., Kigamboni

JIBU: Marahaba Mama J., na hongereni kwa nyumba. Hilo kopo la pili liweke kwanza pembeni. Kwa unavyoeleza klorini mliweka ya kutosha kabisa, tatizo imeingia kwenye maji ambayo hayaipi nafasi ya kufanya kazi, na ule weupe ndo unaonionyesha hivyo. Maji mengi ya visima vya pwani ni magumu, yana chokaa na mara nyingi pH yake (kipimo cha uasidi, ikipanda ujue asidi imepungua) inapanda, sasa klorini ya unga nayo ina kalsiamu ndani yake na inasukuma pH juu zaidi, hapo chokaa inajitenga na maji ndo mnaona tui. Afu pH ikiwa juu klorini inalala. Kwenye pH 7.5 karibu nusu ya klorini iko kwenye hali ile inayoua vijidudu, ikifika 8 inabaki kama robo tu, na hiyo robo nayo kama maji hayana kinga ya jua (dawa nitakayoitaja chini) basi saa mbili tatu za jua la mchana zinatosha kuimaliza karibu yote. Mwani, yaani huo ukijani, unarudi, mnamwaga tena, na pesa inaenda.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni kipimo. Chukua cha matone, vile vikaratasi vya kuchovya vinasaidia kuangalia harakaharaka ila usivitegemee kuamua dozi. Cha matone kinachogeuka njano kinakuonyesha klorini yote kwa pamoja, nzima (ambayo bado inaua vijidudu) na iliyochoka, kile cha rangi ya waridi (DPD) kinakutenganishia, mi nashauri hicho. Ila nacho kina mtego wake, klorini ikizidi sana ile waridi inafutika na maji yanabaki bila rangi, mtu anadhani hakuna klorini anaongeza tena, kumbe ukiona waridi imetokea ghafla ikapotea ujue imejaa mpaka juu.

Pili ujue una maji kiasi gani. Bwawa lako 8 mara 4 mara kina cha wastani 1.5, ni mita za ujazo 48, yaani lita 48,000. Iandike ukutani kwenye chumba cha pampu maana kila dozi inaanzia hapo, na yeyote atakayekuja kusafisha aikute.

Sasa pima alkaliniti, hiyo ndo inayoshika pH isirukeruke, unaitaka kati ya 80 na 120 (kipimo kitaandika ppm, ni miligramu kwa lita). Kwa maji ya kisima naona utaikuta juu, na ikiwa juu pH itakuwa inapanda yenyewe kila ukiishusha. Dawa yake ni asidi ya haidrokloriki ile inayouzwa kwa ajili ya mabwawa, kwa ujazo wako lita moja ya asilimia 32 inashusha alkaliniti kama 10 hivi, pH nayo inashuka. Usimwage zote unazohitaji kwa mkupuo, anza na nusu lita pampu ikiwa inazunguka, subiri muda wa saa nne mpaka sita, pima pH, endelea hivyo hivyo mpaka ikae kati ya 7.2 na 7.6. Vaa glavu na miwani, simama upepo unapotokea mgongoni, na kama unachanganya kwenye ndoo asidi ndo inaingia kwenye maji, MAJI HAYAINGII KWENYE ASIDI. Watoto wawe ndani muda wote huo. Ukikuta alkaliniti iko chini, hilo linatokea zaidi kwa wanaojaza maji ya mvua, kilo 0.8 ya baking soda ya kawaida inapandisha 10 kwenye bwawa kama lako.

pH ikishakaa sawa ndo klorini, na uiweke jioni jua likishazama. Kwa mwani ulioshika unahitaji kuipandisha kama 10 hivi kwa mara moja, kwa unga wa asilimia 65 ni gramu 740, uyeyushe kwenye ndoo yenye maji tayari afu umwage ukizunguka bwawa. Kabla ya hapo sugueni kuta na ngazi kwa brashi, mwani una utelezi juu na klorini haipenyi kama haujasuguliwa, hili watu wanaliruka sana na ndo kazi kubwa kuliko kemikali yenyewe. Pampu izunguke usiku kucha. Asubuhi kabla ya jua pima, kama klorini imeshuka zaidi ya 1 toka usiku bado kuna mwani unaila, rudia jioni. Geji ya filta ikipanda psi 8 mpaka 10 juu ya ilipokuwa filta ikiwa safi, oshea mchanga kwa kurudisha maji kinyume, na kwa mwani unaokufa itabidi uoshe mara nyingi, ni kawaida.

Mwani ukiisha weka kinga ya jua, inaitwa asidi ya sianuriki, kilo moja na nusu inakupa kama 30. Iweke kwenye soksi mbele ya tundu la maji yanayorudi, inachukua siku kadhaa kuyeyuka. Kuanzia hapo klorini yako iwe 2 mpaka 4 na utashangaa itakavyokaa.

Mrututu hapana. Ni kopa, yaani shaba, inaua mwani kweli lakini inabaki majini, inatia madoa kuta na nywele za watoto zenye rangi nyepesi zinashika ukijani, na kwenye maji yenye pH ya juu kama yako madoa yanakuja haraka. Watoto waingie siku utakaposimama ukingoni ukaona wazi kile kifuniko cha chini kabisa upande wa mita 2, na klorini imeshuka mpaka 4 au chini. Kabla ya hapo usikubali hata wakilia, maji yasiyoonyesha chini mtoto akizama humwoni.

SWALI: Kaka, natunza bwawa la nyumba ya wageni Diani, natumia vidonge vile vikubwa tu mwaka sasa, kipimo kinasema klorini ipo 3 lakini maji yanateleza na kona zimeota kijani. Vidonge feki?
Msomaji, Diani

JIBU: Ndugu yangu sidhani ni feki. Vile vidonge ndani yake mna kinga ya jua tayari, kidonge cha gramu 200 kinaacha majini kama gramu 110 za sianuriki, klorini inaisha lakini yenyewe haiishi, haipotei na jua wala haichujwi na filta. Ukiweka vidonge vinne kwa wiki mwaka mzima, hata ukitoa maji yanayomwagika na ya kuosha filta, iko juu sana sasa hivi, na ikishapita 100 inaishika klorini mpaka 3 yako inafanya kazi kama hakuna. Pima sianuriki. Ukikuta 150, njia ya kuaminika ni kutoa theluthi mbili za maji ujaze mapya. Ila kaka tafadhali usilikaushe bwawa wakati wa masika, maji ya ardhini yakiwa juu yanaweza kulinyanyua bwawa tupu au kulipasua, nimeona nyumba karibu na bahari zimepata hasara hiyo na inauma sana. Toa kidogo kidogo, jaza, toa tena, au subiri kiangazi. Baadae tumia klorini ya maji au ya unga siku za kawaida, vidonge viwe vya safari tu.

SWALI: Bwawa letu linanuka klorini kali na macho yanawasha, nipunguze klorini?
Baba Wawili, Mwanza

JIBU: Mara nyingi ni kinyume chake baba. Ile harufu ni ya klorini iliyochoka, imeshikana na jasho na mkojo. Pima klorini yote, kwenye namba hiyo toa ya klorini nzima, kinachobaki kikizidi 0.5 weka klorini mara kumi ya hicho kilichobaki, jioni, na asiingie mtu mpaka ishuke. Angalia na pH pia, maana ikiwa chini ya 7 au imepita 8 macho yatawasha tu. Na kila mtu aoge kabla ya kuingia, wageni pia.

SWALI: Naweza kuweka asidi, unga wa klorini na vidonge kabati moja?
Dada M., Tanga

JIBU: Hapana dada, hata siku moja. Asidi ikigusana na klorini inatoa gesi inayochoma mapafu, na unga na vidonge vikichanganyika vikapata unyevu vinaweza kuwaka moto au kulipuka, hata kijiko kimoja kutumika kwa vyote viwili kinatosha kuanzisha. Asidi ikae chumba kingine chini sakafuni, unga juu pakavu penye hewa na kufuli, vidonge kwa kopo lake mbali na unga, na kila kimoja kiwe na kikombe chake na ndoo yake, andikeni kwa maka isiyofutika.